Nguzo Tisa Juu ya Tuta

Mama alipiga simu Jumanne saa nne asubuhi, nikiwa nimeinama juu ya meza ya kukatia vioo. Mama hapigi simu asubuhi. Asubuhi ni ya ng'ombe na kuku. Simu ni ya jioni, baada ya chai.

"Amekuja tena," alisema.

"Nani?"

"Mzee. Alikuwa huko juu kwa hiyo miti yako. Anahesabu na fimbo. Moja, mbili, mpaka tisa, halafu anarudi anaanza tena."

"Amesema nini?"

"Hajasema kitu. Ndiyo nakuambia."

Mzee huyo ni jirani yetu wa upande wa juu, na mpaka mwaka huu, kwa miaka yote ninayokumbuka, hakuwahi kupita kwetu bila kusalimu. Hata akiwa na haraka angesimama, aseme "Chamgei," salamu ya kwao, naye mama amjibu "Chamgei mising" kwa lafudhi ya Central ambayo imekataa kumtoka mpaka leo. Wangecheka wote wawili, halafu aende zake.

"Pengine hakukuona," nilisema.

"Aliniona. Nilikuwa nakamua, ng'ombe ikapiga ndoo teke, akageuka. Akaniangalia, akaenda."

Nilirudi kwenye kioo nikakikata kando ya mstari. Kilikuwa cha watu, dirisha la choo cha nyumba mpya, na mwenyewe alikuwa ameketi pale pale kwenye benchi akisubiri. "Fundi, uko sawa?" akauliza. Nikamwambia niko sawa. Sikuwa sawa, na nilikuwa hivyo tangu mwezi wa pili.

Mimi hukata vioo mjini Eldoret, kwenye kibanda cha mabati nyuma ya duka la vifaa vya ujenzi. Madirisha, meza za sebuleni, vioo vya kujitazamia. Kila kazi huacha vipande visivyofaa kitu, na kwa muda mrefu nilivitupa kwenye pipa kama fundi mwingine yeyote. Sijui niseme ni ugonjwa gani ulionipata. Siku moja nilipanga vipande vya kioo kizito, kimoja juu ya kingine, ili visinikate nikivibeba, na jua likapita kwenye kingo zake. Kioo cha dirisha ukikitazama usoni hakina rangi. Ukikitazama ubavuni ni kijani, kama maji ya bwawa yaliyotulia. Nilisimama pale nikikitazama mpaka mteja akakohoa.

Tangu hapo nimekuwa nikitengeneza vitu visivyo na jina. Ni vya mti na kioo, vya kusimama nje kwenye jua na upepo. Havifanani na twiga wala na mwanamke aliyebeba mtungi, na jambo hilo huwaudhi watu sana. "Hii ni ya nini?" ndilo swali lao la kwanza, la pili na la mwisho. Mmoja alidhani ni mlango ulioharibika. Mchungaji fulani aliizunguka kazi yangu mara mbili, kisha akaniuliza kwa upole kama kuna shida nyumbani. Jibu langu lilikuwa tayari siku zote: asiyejua maana haambiwi maana. Nililitoa nikicheka, nikijiona mjanja. Siku hizi sicheki nalo.

Mwenye hoteli moja ya bustani, upande wa Soy, ndiye aliyenitia tamaa ya kitu kikubwa. Alikuwa ameona kazi yangu ndogo kwa rafiki yake, akaipenda, kisha akauliza swali la mtu mwenye akili: na ikinyeshewa je? Watoto hucheza kwenye bustani yake, na kioo ni kioo. Tukakubaliana nisimamishe kazi yenyewe mahali pa wazi kuanzia kiangazi mpaka mvua kubwa ipungue. Ikistahimili, itahamia kwake. Ikipasuka, tumalizane hapo. Hakuna mtu aliyewahi kuniamini na kitu cha ukubwa huo, nami nilikitaka vibaya sana, kwa namna ambayo hata kuikumbuka sasa kunanitia haya.

Nilipata nguzo za ua za zamani, za mutarakwa, mwerezi wa huku milimani. Zilikuwa zimeng'olewa kwenye shamba la ngano lililokuwa likikatwa ploti. Mti huo hukaa ardhini miaka na miaka bila kuoza. Ukiuchonga, ndani bado ni mwekundu na unanukia. Nilikuwa nazo kumi, moja ikanipasukia mikononi, zikabaki tisa. Kila nguzo niliitoboa kwa patasi tundu refu la wima, la kutokea upande wa pili, nikalijaza vipande vya kioo vilivyolazwa kimoja juu ya kingine. Kati ya kioo na mti niliacha nafasi ya unene wa njiti ya kiberiti, nikaiwekea ukanda wa mpira wa tyubu ya baiskeli. Mti ukinywa maji hufura, na usipouachia nafasi utakiminya kioo mpaka kipasuke. Hiyo ndiyo hofu niliyoijua mapema, nikaishughulikia.

Sina uwanja mjini. Mama ana shamba kwenye barabara ya Burnt Forest, ekari tano ambazo baba alizinunua kabla hajafa, kwenye baridi na upepo unaokausha midomo. Upande wa juu wa shamba, kabla ya kufika kwa Mzee, kuna kipande cha nyasi ambacho mama hajawahi kukilima. Husema ni cha ndama. Kati ya nyasi hizo na mahindi kuna tuta, mwinuko mdogo wa udongo usiofika gotini, ulionyooka kutoka upande mmoja wa shamba hadi mwingine. Nililichagua kwa sababu halishiki maji, na kwa sababu jua la asubuhi hulipiga kabla ya kufika kwingine. Hizo ndizo sababu zangu, mbili tu. Nimezipitia kichwani mara nyingi nikitafuta ya tatu, sijaipata.

Mama alikuja akasimama juu yangu nilipokuwa nikichimba shimo la kwanza.

"Si uweke huku chini karibu na nyumba?"

"Huko kuna kivuli, Mama."

"Basi weka kwa shamba ya mahindi. Hapo katikati. Mwaka huu sitapanda hapo."

Mama kutaka kupoteza mahindi! Nilicheka, nikamwambia sanaa yangu haijafika daraja la kula chakula cha watu. Yeye hakucheka. Alisimama kidogo, akaangalia juu kwa Mzee, akarudi jikoni. Nikaendelea kuchimba, nikiwa na furaha zangu.

Lazima niseme kuhusu mwaka ule, ingawa sipendi. Huku kwetu mtu akisema mwaka ule hakuna anayeuliza upi. Wazazi wangu walitoka Central, watu wa kuja, kwa hiyo tulikuwa miongoni mwa waliokimbia vita vya baada ya uchaguzi. Mama alikaa kwenye mahema mjini karibu mwaka mzima. Mimi nilikuwa na miaka kumi na tisa, nikapata kibarua kwa fundi wa vioo, maana vioo vilikuwa vimevunjika kila mahali na mafundi hawakuwa na nafasi ya kupumua. Ndivyo nilivyojifunza kazi hii. Mama aliporudi shambani, mimi nilibaki mjini. Alikuta nyumba imeungua, na ua wa kayaba, ile miti ya miiba, uliotutenga na Mzee umeungua mpaka kwenye visiki. Lakini shamba lilikuwepo. Kuna wenzetu waliorudi wakakuta hata pale nyumba iliposimama pamelimwa. Kwetu, Mzee alikuwa amelima lake na kuliacha letu.

Nimekua na hadithi hiyo. Ilisimuliwa kanisani, ikasimuliwa matangani, ikasimuliwa kwa wageni waliokuja na vitabu vya kuandikia. Pesa za kwanza mama alizopata alimnunulia Mzee blanketi, akalipeleka mwenyewe mpaka mlangoni kwake. Kayaba haikupandwa tena. Watu walisema hawa wawili hawahitaji ua, na mimi nililisema hilo mjini kwa majivuno, kila mazungumzo yalipofika kwenye mambo ya nani ni nani. Sasa ni mimi huyo huyo niliyekwenda kusimamisha nguzo tisa kwenye mstari kati yao.

Mzee alikuja siku ya tatu. Nilikuwa nikifuta vumbi kwenye kioo. Hakunisalimu kwanza, alitazama.

"Msichana wangu. Hii ni nini umeweka hapa?"

"Ni kazi yangu, Mzee. Ni sanaa."

"Ni ya nini?"

Ile methali ilinifikia ulimini nikaimeza. Yeye ni mtu mzima. "Haina maana yoyote, Mzee," nikasema. "Ni ya kutazama tu."

"Haina maana."

"Haina."

Alienda kutoka nguzo ya kwanza mpaka ya mwisho, polepole, miguu yake ikiwa juu ya tuta. Aliporudi uso wake ulikuwa umebadilika, na nilidhani ni jua.

"Na katika shamba lote," akasema, "ukachagua kuweka hapa."

"Hapa ni pazuri, Mzee."

Akaitikia kwa kichwa mara kadhaa kama mtu anayesomewa hukumu, akaondoka. Nilimweleza mama jioni ile kama jambo la kuchekesha, kwamba hata Mzee ameshindwa na sanaa. Mama aliweka sufuria chini. Alinitaka nirudie nilichosema, neno kwa neno, na alichosema Mzee, neno kwa neno. Kisha akaniambia niziondoe kesho.

Nilikataa. Nataka hilo lijulikane, kwa sababu ningeweza kulizungukazunguka. Nilimwambia mama kwamba hofu imekuwa ugonjwa kwake; kwamba Mzee ni Mzee yule yule; kwamba kazi hii ikitolewa kabla ya mvua itakuwa bure. "Nipe mpaka mwezi wa sita tu," nilisema, kama mtoto anayeomba sketi. Akaniangalia, akasema sawa. Mama yangu akisema sawa kwa sauti ile huwa amechoka.

Ikaja mvua. Kila Jumamosi nilitoka mjini kwenda kukagua, na kila Jumamosi kulikuwa na jambo jipya. Kwanza Mzee akaacha kupita kwetu. Akawa anazunguka na barabara, njia ndefu, na goti lake bovu. Kisha kwenye kinu cha posho mwanamke mmoja akamwuliza mama, mbele ya watu, kwa nini ameleta sorveya wa kupima ardhi. Mama akasema hakuna sorveya. Yule akasema, "Na hizo bikoni za mpaka zinang'aa hadi barabarani ni za nani?" Wiki iliyofuata mwingine akauliza kama tunauza. Mwingine akauliza, kwa sauti ya chini na ya huruma, kama tumesikia kitu. Uchaguzi ulikuwa ukianza kutajwa redioni. Uchaguzi ukianza kutajwa, huku kwetu kila swali huwa na swali lingine ndani yake.

Nilianza kulala vibaya. Kibandani nilikuwa nikishtuka kila kioo kilipogongana na kingine. Nilijitetea kichwani siku nzima: mti ni mti, kioo ni kioo, mtu hawezi kuulizwa juu ya kitu kisicho na maana. Lakini nimezaliwa huku. Nilijua vizuri kwamba huku nguzo haisimami bure. Ikisimama, mtu anasema kitu kuhusu ardhi, na akikuambia hasemi kitu basi anakuficha. Nilijua hayo yote kabla sijachimba shimo, nikayaweka kando kwa sababu tuta lilikuwa na jua zuri.

Halafu nguzo ya saba ikapasuka kioo. Niliikuta Jumamosi moja ya mwezi wa tano, ufa mrefu kutoka juu mpaka chini, vipande vinne vimeachana. Jambo la kwanza nililofanya lilikuwa kupiga magoti na kutafuta jiwe. Nilipapasa nyasi zote pande mbili za tuta, nimelowa mpaka mapajani, nikitafuta jiwe na nyayo za mtu mwenye fimbo. Sikuona kitu. Nilishuka nyumbani nikamwambia mama, "Ameanza kutupa mawe."

Mama alinishika mkono. Ana mikono migumu ya kukamua, na iliniuma.

"Usiseme hivyo. Umemwona?"

"Sijamwona, lakini nani mwingine—"

"Usiwahi kusema hivyo. Hata hapa ndani. Hata ukiwa peke yako."

Nilirudi juu na bisibisi, nikaufungua mpira. Nafasi ya njiti ya kiberiti haikuwepo. Kwenye nguzo ile niliharakisha. Nilipiga kioo kikaingia kwa nguvu, nikafurahi kwamba kimekaza. Mti ulikuwa umefura na kukiminya, kama nilivyojua utakavyofanya. Hapakuwa na jiwe wala mtu. Nilikaa juu ya tuta nikiwa nimelowa, nikiona aibu, na hata hivyo sikuziondoa.

Ndipo ikaja ile simu ya Jumanne, ya kuhesabu kwa fimbo. Jioni nilimpigia mwenye hoteli nikamwambia asiningojee. Alikuwa mpole kuliko nilivyostahili. Jumatano asubuhi nilifika shambani na pikapu ya kukodi, dereva akabaki barabarani kwa sababu ya matope. Mama hakuwa nyumbani wala kwa ng'ombe. Nilimkuta juu, amevaa gambuti na koti la marehemu baba, akichimba nguzo ya kwanza kwa jembe. Alikuwa ameshaizunguka nusu. Umri wake ni miaka sabini na moja.

"Nipe hilo jembe, Mama."

"Chimba ile ingine. Twende haraka kabla hajatoka."

Alikuwa ameshatoka. Alikuwa akishuka kwenye nyasi, ameshika kofia mkononi badala ya kichwani. Mama alipomwona aliangusha jembe. Nilisogea nikasimama mbele ya mama.

"Zinatoka, Mzee," nilisema. "Leo hii. Pole kwa usumbufu. Haikuwa na maana yoyote."

"Nani alikuambia?" akauliza.

"Kuniambia nini?"

"Usinifanye mtoto." Hakuwa akipiga kelele. Afadhali angepiga. "Miezi mitatu umenianika hapa watu waone. Nimenyamaza. Nimesema acha, ni haki yake. Lakini nataka kujua ni nani alikuambia, kwa sababu hapa kulikuwa na mimi na Mungu na dereva wa trekta, na huyo dereva alikufa."

Sikuelewa hata neno moja, na nadhani alisoma hivyo usoni mwangu akadhani ni ujanja. Akapiga tuta kwa fimbo.

"Hii si plau yangu ilitupa? Hii udongo? Mwaka ule mkiwa kwa mahema nililima mpaka hapa. Hatua nane. Kila mtu alisema hawa hawatarudi, na mimi nikasema kama hawatarudi, wacha nisogee kidogo kabla wengine hawajasogea. Nikapanda mistari tisa. Nikavuna. Halafu nikasikia mnarudi, nikatoka mbio kama mwizi. Na wewe unakuja na nguzo. Si nane, si kumi. Tisa. Na vioo, zinaangalia kwangu kila asubuhi jua likitoka. Halafu unaniambia haina maana."

Nilitaka kumweleza habari ya nguzo ya kumi iliyonipasukia. Niliona kwamba tangu mwezi wa pili mtu huyu alikuwa akiamka kila siku kwa hofu, na kwamba ni mimi niliyemtia hofu hiyo, mimi ambaye nilidhani ndimi ninayeogopa.

"Hakuna mtu alimwambia," mama akasema nyuma yangu. "Huyu hajui kitu. Mimi ndiye nilijua."

Mzee akageuka kumtazama.

"Tuliporudi," mama akasema, "shamba yote ilikuwa magugu mpaka kiunoni. Hapa peke yake kulikuwa na mabua."

"Ulijua."

"Siku ya kwanza."

"Na ukaniletea blanketi."

"Nikaleta."

"Kwa nini, Mama?" Mzee akauliza.

Mama alifikiri. Upepo ulikuwa ukilipeperusha pindo la koti la baba, naye akalishika kwa mikono miwili. "Kwa sababu ungeweza kuchukua yote," akasema. "Na nilikuwa narudi peke yangu. Nilikuwa nahitaji jirani."

Miaka kumi na minane. Nilihesabu mara moja, bila kutaka. Nilimfikiria mama akitembea kwenda kwa Mzee na blanketi lile mkononi, akijua, akimshukuru. Nikawafikiria watu wakisimulia kanisani, naye ameketi benchi ya mbele akiitikia. Nilimkasirikia, nikamhurumia, nikajikasirikia mimi, yote kwa pamoja.

Mzee alikuwa akiangalia nyasi. "Na hii?" akauliza. "Kwa nini hujawahi kulima? Nimekuwa nikingoja kila mwaka. Nasema, mwaka huu atalima."

"Nikilima ungejua najua."

Mzee akavaa kofia yake, akatupita, akapanda kwenye nyasi zile akiburuta goti. Alitembea mpaka mahali ambapo kwangu hapakuwa na alama yoyote, akachokoa chini kwa fimbo, akasafisha nyasi kwa kiatu mpaka kikaonekana kisiki cheusi cha ua wetu wa zamani wa kayaba. Akavuka upande wake. Akageuka akatutazama.

"Kuja, Mama," akasema.

Mama hakuondoka pale kwenye nguzo.

"Kuja mpaka kwako."

Alishuka kwenye tuta kwa upande wa pili, akaingia kwenye nyasi. Hatua moja, mbili, tatu, akasimama. Zilikuwa nyasi zake mwenyewe, ardhi ambayo baba aliinunua, na alikuwa akiitembea kama mtu anayeingia sebule ya wageni na gambuti zenye matope.

"Hapa panatosha," akasema.

"Bado. Songa."

Akasonga hatua moja, akasimama tena.

"Panatosha, Mzee. Kweli."

"Songa, Mama," Mzee akasema. Hakuja kumlaki. Alikuwa ameshika fimbo kwa mikono yote miwili, amesimama upande wake wa kisiki, akimngoja.

Mama akageuka akanitazama mimi, kana kwamba ni mimi wa kumpa ruhusa. Nikaitikia kwa kichwa, naye akanyanyua mguu.